Friji linatekenya, na mama hataki ukuta uguswe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano. Nafundisha shule ya msingi Morogoro, nina mume na watoto wawili. Ninayokuandikia yanahusu nyumba ya wazazi wangu iliyopo Ngamiani, Tanga, anakoishi mama na kaka yangu wa tatu pamoja na wapangaji wanne.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna jiko, bafu, choo na bomba la maji. Baba aliijenga kidogokidogo, na mwaka 1978 akaitia umeme kwa mikono yake. Alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha mkonge, kazi akiijua hasa. Mpaka leo ukifungua lile boksi la mbao lililo juu ya mlango wa ukumbini utakuta fyuzi nyeupe za kauri, na chini ya kila moja baba ameandika kwa penseli: taa mbele, taa uani, soketi kulia, soketi kushoto. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Yale maandishi hayajafutika.

Mwezi uliopita mtoto wa mpangaji, wa miaka saba, alikwenda bombani na ndoo yake, miguu peku, uani kumelowa. Aliposhika koki alipiga ukelele akaanguka. Mama yake alimkuta amekaa chini anatetemeka, mkono ameukumbatia kifuani. Hospitali wakamlaza usiku mmoja, wakamwangalia moyo, wakamruhusu. Ni mzima, namshukuru Mungu, ila bombani hataki tena kwenda.

Nilisafiri wikiendi ileile, nikatafuta fundi. Akaigusa koki kwa testa, na kile kitaa kidogo ndani ya testa kikawaka. Akamwambia kaka achomoe friji la ukumbini. Kitaa kikazima. Friji lichomeke, kinawaka, lichomoe, kinazima. Na kutoka friji hadi bomba ni hatua kama kumi na tano, shangazi! Mama alikuwa amesimama mlangoni akasema, "Mbona friji hilo linatekenya siku zote? Sisi tumezoea."

Ndipo nilipotazama chini nikaziona ndala. Pembeni ya friji kuna ndala za bluu, moja kamba yake imeshonwa kwa uzi, hazivaliwi na mtu kwenda popote. Ni ndala za friji. Anayetaka kulifungua anazivaa kwanza. Wajukuu wanalijua hilo kama wanavyojua kunawa mikono kabla ya kula. Nami nimezivaa sijui mara ngapi, bila kujiuliza hata siku moja. Na friji lile nilimnunulia mama mimi.

Fundi akakagua yote. Ndani ya boksi akakuta fyuzi mbili zimefungwa waya wa kawaida, mnene. Kaka akakiri kuwa alizifunga yeye, kwa sababu zilikuwa zinakatika kila wapangaji wakiwasha birika na pasi kwa pamoja. Fundi akasema nyumba inahitaji wayaringi mpya yote, kuta zichimbwe, shilingi milioni 4 na laki 6.

Mama aliposikia kuchimba kuta alinyanyuka kitini. "Kazi ya baba yenu haichimbuliwi mimi nikiwa hai. Nikifa mtafanya mtakalo." Kaka naye akasema nimetoka Morogoro na vijisenti vyangu kutaka kuimiliki nyumba ambayo mirathi yake haijafunguliwa. Niseme haki, kaka si mvivu. Miaka miwili iliyopita ndiye aliyehangaika kung'oa bomba la maji la chuma lililooza, toka barabarani hadi uani, akaweka la plastiki. Kilichobaki cha zamani ni koki na kipande chake cha chuma ukutani. Lakini kodi anakusanya yeye, elfu 40 kwa kila chumba, na umeme hautaki kuzungumzwa.

Nina akiba ya milioni 3. Ni ya bati za nyumba yetu ya Kihonda. Mume wangu amesema niamue mwenyewe, ila namjua, akinyamaza vile ana neno.

Nimefikiria kumleta fundi siku mama atakapokwenda kwa dada Muheza, akirudi akute imekwisha. Nimefikiria kuwapigia watu wa umeme waje wakate. Nimefikiria pia kunyamaza. Nilipoondoka friji lilikuwa limechomolewa. Juzi nimepiga simu, mama ananiambia amelirudisha maana samaki wataharibika.

Nifanye nini?

Kitinda Mimba, Morogoro

—

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mama, kaka na milioni 3, piga simu leo. Usingoje kwenda. Friji lichomolewe, na safari hii usimwachie mama aamue kuhusu samaki; mtumie nauli ya kuwapeleka kwenye friji la jirani, au mnunulie barafu. Waambie akina mama wote wanne wa vyumbani, mmoja mmoja, kwamba maji yachotwe kwa jirani mpaka bomba litakapopimwa na kuonekana salama. Kaka asiguse waya wowote. Hayo hayahitaji kikao cha familia wala hayamvunjii mtu heshima.

Sasa tuzungumze.

Barua yako nimemsomea fundi umeme mwenye leseni, mtu mzima, aliyefanya kazi miaka mingi katika nyumba za zamani za huko huko pwani. Nilipofika pale unapomsifu kaka, akanizuia: "Rudia hapo kwenye bomba." Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nitakueleza alichonieleza, maana naona kinagusa moyo wa jambo lenu.

Zamani, fundi akitaka kupeleka ardhini waya wa ethi, ule wa kushusha umeme uliovuja, mara nyingi aliufunga kwenye bomba la maji la chuma. Lilikuwa chuma tupu toka koki hadi bomba kuu la barabarani, limezikwa kwenye udongo mbichi, kwa hiyo likawa ethi nzuri kuliko fimbo yoyote ambayo angeweza kuichimbia. Fundi wangu anahisi baba yako alifanya hivyo mwaka 1978. Kama ndivyo, kazi yake ilikuwa sahihi, na ililinda nyumba yenu kwa zaidi ya miaka arobaini. Kisha bomba likaoza, kaka akaweka la plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Waya wa kijani wa baba ukabaki umefungwa kwenye kipande cha chuma kisichokwenda popote, chenye koki mwishoni. Friji likapata hitilafu ndogo ndani, umeme ukavuja kwenye bodi lake, ukashuka kwenye waya wa ethi kama ulivyoelekezwa, ukafika ukutani ukakosa ardhi. Ukakaa pale kwenye koki kungoja mtu mwenye miguu mibichi.

Yule mtoto ndiye aliyekuwa njia ya ardhini.

Siwezi kuziona kuta zenu kutoka hapa, na fundi wangu pia hakuziona, kwa hiyo lichukue hili kama swali la kumpelekea fundi atakayekuja: waya wa ethi wa nyumba hii unaishia wapi? Lakini ona linavyobadilisha mazungumzo. Umeniandikia kana kwamba kwenu kuna mambo mawili tu, usalama wa watu na heshima ya baba, na kwamba ukichagua moja unalizika la pili. Mama naye amelisikia hivyohivyo. Alisikia "wayaringi mpya yote, kuta zichimbwe," na ndani ya maneno yale akasikia kuwa mumewe aliwaachia nyumba mbovu. Je, kuna mtu aliyemwambia kuwa huenda kazi ya mumewe haikuwa na kosa? Kwamba kilichokatwa ni mguu wake mmoja, na waliokata hawakujua?

Hapo hapo nikuombe umtazame kaka yako upya. Umemweka kwenye barua kama mtu wa kodi. Huenda ni kweli. Lakini siku ile testa ilipowaka bombani, mtu aliyeweka lile bomba alikuwa amesimama pale. Na fyuzi zikafunguliwa mbele ya mama yake na mdogo wake, akatakiwa kukiri. Mwanamume aliyebaki nyumbani, akaachiwa kila kinachovuja na kinachokatika, halafu mdogo wake anakuja na fundi wa kumhukumu. Kwa mtu aliyeaibika, neno la mirathi ni rahisi kulitoa kuliko kusema "nimeogopa." Sisemi una makosa. Nasema huenda mnaogopa kitu kimoja.

Ila kuhusu waya mnene kwenye fyuzi sitalainisha maneno. Baba yako alipiga nyaya za kuwasha taa, redio na pasi moja. Leo birika moja la umeme ni wati 2000. Wapangaji wawili wakichemsha chai asubuhi na wa tatu akapiga pasi ya wati 1000, hizo ni wati 5000, ambazo kwa volti 230 ni karibu ampea 22. Kama fyuzi ya soketi zile ilikuwa ya ampea 15, ilikuwa ikikatika kwa sababu nzuri kabisa: ilikuwa inazikinga nyaya zilizo ukutani zisipate moto. Ukiifunga waya mnene haitakatika tena, ni kweli, lakini joto litahamia kwenye nyaya, kwenye ganda lake lenye umri wa miaka zaidi ya arobaini, mahali ambapo hakuna anayeona. Zile fyuzi zirudishiwe waya wake wa saizi wiki hii, na wapangaji wakubaliane zamu za birika. Watanung'unika. Wawe na ruhusa ya kunung'unika.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi wanalikosea, na mama lazima alisikie kwa upole kwa sababu ya neno lake "tumezoea." Watu hudhani fyuzi ipo kumlinda mtu. Haipo kwa ajili hiyo. Fyuzi ya plagi ya friji ni ampea 13 au karibu na hapo, na umeme unaotosha kuuvuruga moyo wa mtu ni sehemu ndogo mno ya hiyo; ndiyo maana kile kifaa cha kukinga watu, ambacho mafundi hukiita RCD, hutengenezwa kikate kwenye milliampea 30. Ni zaidi ya mara 400 chini ya ile fyuzi. Mtu anaweza kufia kwenye mlango wa friji na fyuzi ikabaki nzima. Kutekenya na kuua ni umeme uleule, tofauti ni sakafu kavu au mbichi, ndala au peku, sekunde ngapi mkono umeshika.

Sasa njia zako. Wewe umeziona tatu, mimi naona nyingine katikati.

Fundi wako alitaja milioni 4 na laki 6 kwa yote. Muulize, au muulize mwingine, kazi ikigawanywa mafungu itakuwaje. Fungu la kwanza halichimbi ukuta hata mmoja: fimbo ya shaba ya ethi ichimbiwe uani mahali penye unyevu, waya mpya wa kijani na njano uunganishwe nayo, koki na kile kipande cha chuma viondolewe, na kwenye boksi liwekwe RCD la milliampea 30 pamoja na breka mahali pa fyuzi. Msikubali fimbo peke yake. Udongo ukiwa na ukinzani wa ohmu 50, kwa mfano, volti 230 zitapitisha ampea 4.6 tu; fyuzi ya 13 itakaa kimya na bodi la friji litabaki na umeme. Ni RCD linaloona kuwa umeme uliokwenda haukurudi wote, likakata kabla mtu hajamaliza kushtuka. Lina kitufe chenye herufi T. Kikibonyezwa lazima lizime. Mpe kazi hiyo mjukuu mmoja, kila mwezi mara moja.

Hatari ya njia hii nayo uijue. Nyumba ya zamani huvuja umeme sehemu nyingi ndogondogo, hasa mji wa baharini wenye hewa ya chumvi. RCD linaweza kukata mara tatu kwa siku, wapangaji wakalalamika, na kaka akaamua kuliruka kama alivyoziruka fyuzi. Kwa hiyo kabla ya kuliweka, fundi apime nyaya kwa ile mashine wanayoiita mega, inayosukuma volti 500 kwenye nyaya ili kuona kama ganda bado linazuia. Mstari utakaosoma chini ya megaohmu 1 usiunganishwe. Kipimo hicho kitawaambia pia kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kukijua kwa kubishana: kama nyaya za baba bado zina uhai au zimechoka.

Zikiwa zimechoka, ulizeni kama zilipita ndani ya mabomba ya nyaya ukutani. Fundi wa kiwandani wa miaka ile yawezekana alifanya hivyo. Kama zimo ndani ya mabomba na hayajaziba, fundi hashiki tindo kabisa. Anaifunga waya mpya kwenye mkia wa ile ya zamani, anavuta upande wa pili, ya zamani inatoka na mpya inaingia. Nyaya za baba yako ndizo zitakazozivuta mpya ndani ya kuta zake mwenyewe. Sijui kama mama atalipokea hilo, lakini ningependa alisikie kutoka kinywani mwako na si kwa fundi. Mabomba yakiwa yameziba, ipo tranki, mfereji wa plastiki wa kupitishia nyaya, unaopita juu ya ukuta. Haipendezi sana, ila haichimbi. Na lile boksi lenye penseli linaweza kubaki juu ya mlango, tupu, bila kufutwa herufi.

Kumleta fundi mama akiwa Muheza: naelewa unavyowaza. Kuta zingekuwa salama. Lakini angerudi nyumbani kwake akakuta mikono ya mumewe imetolewa bila yeye kuaga. Kuna wazazi wanaosamehe hilo baada ya wiki, kuna wasiolisamehe. Mama yako unamjua wewe.

Kuita umeme ukatwe si usaliti, wala sitakwambia usiwaze hivyo. Kuna siku hilo ndilo huwa limebaki. Lakini litawaweka gizani pia wapangaji, na kodi ya elfu 40 mara nne inaweza kwenda na wao, na hiyo ndiyo chumvi na dawa za mama. Kabla ya kufika huko kuna watu ambao hujawataja kama wenye neno, na nadhani wanalo: wale wapangaji. Aliyeanguka ni mtoto wao. Mama wa yule mtoto akikaa kwenye kikao na kueleza alivyomkuta mwanawe, sidhani kama kaka atamjibu kuhusu mirathi.

Kuhusu mirathi yenyewe, kaka ameigusa kwa hasira lakini ameigusa mahali pabichi. Ukitoa fedha kimya kimya, kesho itasemwa umenunua kuta. Ukitoa mbele ya ndugu wote watano, ikaandikwa nani katoa nini na kwamba ni ukarabati wa nyumba ya mama, maneno hupungua. Na kwa nini iwe wewe peke yako? Kodi ya miezi michache ingeweza kubeba fungu la kwanza au sehemu yake. Huenda ukijitolea kulipa yote unamwondolea kaka nafasi ya kurekebisha alichokiharibu bila kujua. Au huenda asitoe hata senti, na utabaki na bati zako mkononi ukiamua. Mume wako, huyo anayenyamaza, muulize ananyamazia nini. Usiendelee kumsoma usoni.

Fundi yeyote mtakayemchagua, mwombeni awaonyeshe leseni. Kwa Tanzania Bara zinatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mtoto wa jirani anayefanya kwa bei ya chini anaweza kuwa hodari, lakini nyumba hii ina nyaya nyekundu na nyeusi za zamani, na mpya zitakuja za kahawia na bluu. Nyeusi ya baba ni nyutro, waya wa kurudisha umeme. Asiyezijua rangi za miaka ile anaweza kuchanganya na kumwachia mtu mwingine msiba.

Nawe, mwanangu, kuna kitu umekiandika harakaharaka ukapita: kwamba friji umelinunua wewe. Nimekisikia. Ulimpa mama yako maji baridi na samaki wasioharibika. Kama bomba lilikuwa bado la chuma siku ile, chini ya waya kulikuwa na ardhi. Usijibebeshe hilo.

Utakapokwenda, nakusihi usianze na fundi wala bei. Kaa na mama ukumbini, kaka awepo kama atakubali, na umwonyeshe zile ndala za bluu. Muulize ziliwekwa pale lini, baba akiwa hai au baada ya bomba kubadilishwa. Kisha unyamaze, umwache akumbuke mwenyewe.